Lugha Mbili za Mlinganyo: Hisabati ya Sekondari katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Utangulizi

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya historia ya elimu nchini Kenya, na mengi zaidi juu ya historia ya Kiswahili. Hata hivyo, pana mahali pamoja ambapo historia hizi mbili zimekutana kwa muda mrefu bila ya kutazamwa kwa makini, napo ni katika daftari la hisabati la mwanafunzi wa shule ya sekondari. Daftari hilo limeandikwa kwa Kiingereza, na kwa alama ambazo ni mali ya ulimwengu mzima. Lakini maneno yasemwayo na wanafunzi wawili walioliinamia daftari hilo, mmoja akimweleza mwenzake kwa nini mlinganyo wenye mraba huwa na majibu mawili, au kwa nini mteremko wa mstari uliopinda huwa sufuri pale kileleni, aghalabu si ya Kiingereza. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile ijulikanayo kama Eastlands na ambayo vijana wake huiita Eastlando, maneno hayo huwa ya Kiswahili, au ya Sheng iliyosimama juu ya sarufi ya Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea na maana yake kwa wale wanaoshughulika na lugha. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kimekuwa kwa miongo mingi lugha ya kazi ya aljebra, trigonometria na kalkulasi katika mitaa hiyo, ingawa hakuna muhtasari wa masomo uliokitambua hivyo. Kutotambuliwa huko kumeleta hasara ya pande mbili. Hisabati imepoteza nafasi ya kueleweka na wengi, na Kiswahili kimepoteza karakana ambamo istilahi zake zingejaribiwa na kunolewa.

Mitaa na Lugha Yake

Majina ya mitaa yenyewe ni ushahidi wa kutosha wa nguvu ya Kiswahili mahali hapo. Kariokor ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, lililotoholewa kutoka Kiingereza kama vile lilivyotoholewa Kariakoo ya Dar es Salaam. Soko la Burma linakumbusha askari waliopelekwa kupigana Asia katika Vita Kuu ya Pili. Majengo ya Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, Kaloleni, Bahati, Maringo, Umoja: haya yote ni majina ambayo msemaji wa Kiswahili wa Mombasa au wa Tanga huyasikia bila ya kuhitaji mkalimani. Mtaa wa Mbotela unalo jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, ambaye baba yake, James Juma Mbotela, ndiye mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934. Jina la Ofafa nalo latokana na Ambrose Ofafa, diwani wa jiji aliyeuawa mwaka 1953.

Mitaa hii ilijengwa kwa awamu. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920 kuwa makao rasmi ya Waafrika, chini ya utawala uliogawa jiji kwa rangi. Mitaa mingine ikafuata katika miaka ya 1930 na 1940, na mingine katika miaka ya 1950. Buru Buru, Umoja na Dandora zilijengwa baada ya Uhuru, katika miaka ya 1970. Ile ya kwanza ilijengwa kwa dhana kwamba mkazi wake ni kibarua mwanamume aliyeiacha familia yake mashambani, na kwa hiyo chumba kimoja kilionekana kuwa kinamtosha. Familia zilipokuja, chumba kilibaki kile kile.

Jambo hili, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la historia ya makazi, ni la historia ya lugha pia. Mtoto ambaye chumba chao ni cha kulala, cha kupikia na cha kupokelea wageni hana pembe ya kukaa peke yake na kitabu. Alilazimika kusomea nje ya nyumba: darasani baada ya masomo kwisha, kwa jirani mwenye nafasi, au katika matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara. Huko alikutana na wenzake waliotoka katika nyumba za Kikamba, Kiluo, Kiluhya, Kikuyu, Kinubi na nyinginezo. Kusoma kukawa ni kusoma kwa makundi, na kundi haliwezi kusoma kimya. Lugha iliyowaunganisha kucheza mpira ndiyo iliyowaunganisha kutafuta thamani ya x.

Ni katika mitaa hii hii ndimo Sheng ilimokomaa. Ken Osinde aliichunguza katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya mwaka 1986, na baadaye akaandika juu yake pamoja na Mohamed Abdulaziz. Alamin Mazrui naye ametafuta chimbuko lake nyuma zaidi, katika lugha ya mafumbo ya watu wa Nairobi ya miaka ya 1930. Yafaa ikumbukwe kwamba msamiati wa hesabu ulikuwamo katika lugha hii tangu mapema. Gari la abiria lilipata jina la matatu kutokana na nauli ya zamani ya vipande vitatu vya senti kumi. Shilingi kumi huitwa ashuu, ishirini mbao, hamsini finje, mia soo, na elfu ngiri. Mtoto aliyetumwa dukani Jericho au Maringo alijumlisha na kutoa kwa maneno hayo kabla ya kukutana na hesabu za kitabu.

Shule, Mitihani na Kiingereza

Wakati wa ukoloni, shule za Nairobi ziligawanywa kwa rangi kama nyumba zilivyogawanywa. Mtoto wa Kizungu alikuwa na shule ya sekondari ya Prince of Wales, na wa Kihindi alikuwa na Duke of Gloucester, ambayo leo ni Jamhuri. Mwafrika aliyetaka sekondari aghalabu aliondoka jijini kwenda shule za bweni kama Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Hisabati ya juu, kwa hiyo, haikuwa na makao mashariki ya jiji. Starehe Boys' Centre, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu ili kuwasaidia watoto wenye dhiki, ilikuwa miongoni mwa shule zilizokuja kuibadili hali hiyo. Baada ya Uhuru shule za sekondari za kutwa ziliongezeka: Eastleigh, Pumwani, Aquinas, Ofafa Jericho na nyinginezo. Shule ya kutwa ina umuhimu wake katika mjadala huu, kwa sababu mwanafunzi wake hurudi mtaani kila jioni, na lugha ya mtaani huingia naye darasani kila asubuhi.

Sera ya lugha ilifuata njia nyingine. Katika mwaka 1957 ulianza Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaupa mpango huo uzito wa taifa. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya kwanza, na mjini, penye makabila mengi, lugha hiyo ikawa Kiswahili. Lakini aljebra haifundishwi katika madarasa matatu ya kwanza. Kiswahili kilipewa kujumlisha na kutoa, na Kiingereza kikapewa yote yaliyobaki.

Muhtasari wa hisabati wenyewe ulibadilika mara kwa mara. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe kuandika vitabu vya ile iliyoitwa hisabati mpya, iliyojaa seti, matriki na mageuzi ya maumbo. Vitabu vya aina hiyo vilitumika Kenya mpaka mwaka 1981, serikali ilipoiondoa hisabati mpya shuleni na kurudisha ile ya zamani. Wanafunzi waliokuwa wakijifunza kuieleza dunia kwa seti waliambiwa warudi kwenye vipeo na riba.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Katika mfumo wa zamani, kalkulasi kwa sehemu kubwa ilikuwa mali ya wachache waliofika Kidato cha Tano na cha Sita. Mtihani wa mwisho wa Kidato cha Sita ulifanywa mwaka 1989, na mwaka huo huo ukafanywa mtihani wa kwanza wa KCSE. Hisabati ilikuwa ya lazima kwa wote, na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, awe anataka uhandisi au ushonaji, alikutana na mteremko wa mstari uliopinda, na eneo lililo chini yake, pamoja na trigonometria na milinganyo yenye mraba. Mtihani ulikuwa wa karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu. Katika mfumo huo huo Kiswahili nacho kilifanywa somo la lazima lenye mtihani. Hivyo masomo mawili, Hisabati na Kiswahili, yaliingia katika kila mkoba wa shule kwa wakati mmoja, lakini hayakukutanishwa.

Mfumo wa 8-4-4 nao umekuwa ukiondoka hatua kwa hatua. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Mwaka 2025, ulipotokea mpango wa kuifanya Hisabati kuwa ya hiari katika sekondari ya juu, wananchi walipinga, na serikali ikakubali kwamba kila mwanafunzi asome Hisabati ya namna fulani. Upinzani huo waonyesha kwamba somo hili, pamoja na ugumu wake wote, huhesabiwa na wazazi kuwa mlango ambao mtoto wao hapaswi kufungiwa.

Jabari na Mkabala

Ni kawaida kusikia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubebea hisabati ya juu. Historia ya maneno yenyewe yaonyesha vingine. Jina la aljebra latokana na kitabu alichokiandika Muhammad bin Musa al-Khwarizmi huko Baghdad katika mwaka wa 820 hivi, na ambacho jina lake lilitaja vitendo viwili: al-jabr na al-muqabala. Cha kwanza ni kurudisha kilichopunguzwa, kama mganga aungavyo mfupa uliovunjika. Mzizi wake ni ule ule ulioko katika neno Jabari. Cha pili ni kuweka vitu vikabiliane, na Kiswahili kinalo neno hilo waziwazi: mkabala. Ajabu ni kwamba wanaisimu hulitumia neno mkabala kila siku kwa maana ya namna ya kuliendea jambo, bila ya kukumbuka kwamba ni nusu ya jina la aljebra.

Haikuishia hapo. Al-Khwarizmi hakuwa na alama ya x. Kisichojulikana kilikuwa mzizi, na mraba wake ulikuwa mali. Mlinganyo wake mashuhuri unasema kwamba mali pamoja na mizizi yake 10 ni sawa na 39. Msemaji yeyote wa Kiswahili anaweza kuusoma. Utatuzi wake nao ni wa kuchora tu. Chukua mraba wenye upande usiojulikana; gawa ile 10 katika nusu mbili, uweke mistatili miwili yenye upana wa 5 ubavuni mwake; pembeni patabaki pengo la mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Liziba pengo, na 39 itakuwa 64. Upande wa mraba mzima ni 8, na ukitoa 5 wabaki 3. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihusu mirathi, na fani ya mirathi imesomwa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, pamoja na mafungu yake ya nusu, robo, thumni, thuluthi na sudusi. Aljebra, kwa hiyo, si mgeni aliyeshuka melini pamoja na Kiingereza.

Hata neno la sini katika trigonometria lina funzo. Wahindi waliuita uzi wa upinde jya au jiva. Waarabu wakaliandika kwa konsonanti zake tu. Waliokuja baadaye wakalisoma jayb, yaani mfuko au kifua cha vazi. Na watafsiri wa Kilatini wakatafsiri kifua. Istilahi inayotumiwa duniani kote imetokana na kosa la kusoma. Haikudhuriwa na kosa hilo, kwa sababu ilipata watu wa kuitumia. Hili ni jambo la kuzingatiwa na kila kamati ya istilahi.

Sasa yatazamwe maneno ya mtaani. Darasani na nje yake, katika kutatua mlinganyo, husikika kanuni hii: ikivuka, ishara inageuka. Maana yake ni kwamba namba ikihamishwa upande wa pili wa alama ya usawa, kujumlisha huwa kutoa. Kanuni hii ni fupi, inashikika, na hutoa jibu sahihi mara nyingi. Lakini sitiari yake ni ya mto na kivuko, na si ya mizani. Mwanafunzi aliyeishika kwa neno lake, akipewa 3x = 12, aweza kuivusha 3 na kuandika x = 12 − 3, au kuigeuza ishara na kugawanya 12 kwa −3. Kosa lake si la uzembe, maana amefuata lugha aliyopewa. Angalipewa sitiari ya mkabala, yaani pande mbili zinazotazamana na kila moja ikitendewa lile lile linalotendewa nyingine, asingalipotea. Na neno mlinganyo, lenye mzizi wa kulingana, linasema hivyo hivyo.

Zipo nyakati ambapo Kiswahili humwongoza mwanafunzi vizuri kuliko Kiingereza. Kiingereza kikitaka kueleza namba iliyopungua 5, hutanguliza ile 5 kisha kikaitaja namba, na mwanafunzi anayefuata mpangilio wa maneno huandika 5 − x. Kiswahili hutanguliza namba, kisha upungufu, na mpangilio wa maneno hulingana na mpangilio wa alama: x − 5. Lakini haifai kukisifu Kiswahili kupita kiasi. Mzizi wa zidi una mtego wake. Kusema kwamba kiasi kimoja kinazidi kingine kwa 3 ni kujumlisha. Kusema kwamba kiasi kinazidishwa kwa 3 ni kuzidisha. Tofauti yote imebebwa na kiambishi cha kusababisha, na katika mazungumzo ya haraka kiambishi hicho humezwa. Mwalimu asiyeuona mtego huu hawezi kumwonya mwanafunzi, na hatauona maadamu anaamini kwamba mwanafunzi anafikiri kwa Kiingereza.

Sanduku la Kamukunji

Pengine itadaiwa kwamba aljebra yaweza kuelezwa kwa Kiswahili, lakini si kalkulasi. Dai hili ni bora lijibiwe kwa mfano. Pale Kamukunji, kando ya mitaa hii, mafundi wa jua kali hutengeneza masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa shule za bweni huyabeba kila muhula. Mitihani ya hisabati nayo ina swali la jadi kuhusu sanduku. Bati la mraba lina upande wa sentimita 60. Katika kila pembe hukatwa mraba mdogo wenye upande x, kisha pande hukunjwa juu ili kupata sanduku lisilo na kifuniko. Je, x iwe ngapi ili sanduku libebe kingi iwezekanavyo?

Urefu wa sanduku ni 60 − 2x, upana ni huo huo, na kimo ni x. Ujazo, basi, ni x(60 − 2x)², ambao ukifunguliwa huwa 4x³ − 240x² + 3600x. Fundi akikata kidogo mno, sanduku huwa kama sinia. Akikata kingi mno, huwa kama bomba. Baina ya hayo mawili ujazo hupanda, husimama, kisha hushuka. Pale unaposimama ndipo panapotafutwa, na kusimama maana yake ni kwamba kasi ya kubadilika ni sufuri. Kasi hiyo ni 12x² − 480x + 3600, yaani 12(x − 10)(x − 30). Huwa sufuri x ikiwa 10 au ikiwa 30. Lakini 30 haifai, kwa kuwa bati lote limekwisha kukatwa na hakuna kilichobaki cha kukunja. Jibu ni sentimita 10, na ujazo ni sentimita za ujazo 16,000.

Maneno yaliyofanya kazi hapo ni kupanda, kusimama, kushuka, kasi na kubadilika. Hakuna hata moja lililohitaji kubuniwa na kamati. Wazo zima la kalkulasi ya Newton na Leibniz, wa karne ya 17, limo ndani yake. Kadhalika mwanafunzi aliyesimama mita 40 kutoka chini ya mnara, akaona kilele chake kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa macho, ahitaji tu kujua kwamba tanjenti ya pembe hiyo ni 0.5774, na kwamba mnara wapanda mita 23.1 juu ya macho yake. Tanjenti ni neno la kutohoa. Mengine yote ni ya nyumbani.

Zaidi ya msamiati, sarufi yenyewe ina hazina ambayo walimu wa hisabati hawajaitumia. Wanaisimu wanaijua vyema kauli ya kutendua: funga na fungua, kunja na kunjua, fumba na fumbua. Kitenzi cha pili hurudisha kilichofanywa na cha kwanza. Katika hisabati ya juu hakuna wazo linalorudi mara nyingi kuliko hili. Kipeuo hutendua kipeo. Logarithimu hutendua kupandisha namba kwa vipeo. Kutafuta eneo chini ya mstari hutendua kutafuta mteremko wake, na huu ndio msingi wa kalkulasi wote. Mtoto wa Bahati au wa Makongeni amekwisha kuwa na wazo hilo mdomoni tangu utotoni. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba analo. Hata jina la kazi yenyewe ni la namna hiyo, kwa kuwa kutatua ni kuondoa utata, na swali la maneno katika vitabu vya hisabati vya Kiswahili huitwa fumbo, jina lile lile litumiwalo katika ushairi.

Istilahi bila ya Darasa

Nchini Tanzania kazi ya istilahi imefanywa kwa bidii. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa. Maneno kama mlinganyo, kipeo, kipeuo, kipenyo na pembetatu yalipata matumizi ya kila siku kwa mamilioni ya watoto. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiendelee mpaka sekondari kuanzia mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake yaonekana wazi: istilahi za hesabu za msingi ziko hai, na zile za hesabu za juu zimebaki kamusini. Hazikufa kwa ubaya wake. Hazikupata darasa.

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi hali ni kinyume cha hiyo. Darasa lipo, tena limejaa, lakini halina istilahi. Wanafunzi hutohoa kwa haraka, hubuni na kusahau, na kila kizazi cha Kidato cha Nne huondoka na maneno yake. Pale ambapo istilahi ya Tanzania ingefaa, haijulikani. Pale ambapo neno la mtaani ni bora, halikuandikwa. Neno kokotoa, kwa mfano, hutumika Tanzania kwa maana ya kufanya hesabu, na kikokotoo ni mashine yake. Sauti yake inafanana na kokoto, yaani vijiwe, na kalkulasi nayo ni neno la Kilatini lenye maana ya kijiwe cha kuhesabia. Ufanano wa sauti pekee hauthibitishi asili ya neno, lakini mwalimu anayetaka neno likumbukwe hahitaji uthibitisho. Ahitaji kulijua neno, na walimu wengi wa Nairobi hawajapata kulisikia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Heshima hiyo ya kisheria haijafika katika karatasi ya mtihani wa hisabati. Wala makala haya hayadai kwamba karatasi hiyo igeuzwe kesho. Mwanafunzi wa Dandora anayetaka kusomea uhandisi atahitaji Kiingereza, na mzazi wake ana haki ya kukihofia kila kitakachomzuia asikipate. Linalodaiwa ni dogo kuliko hilo, nalo linawezekana: kwamba lugha ambayo mwanafunzi anaitumia kufikiria isiachwe nje ya mlango kana kwamba haipo.

Hitimisho

Imeonekana kwamba nyumba zilizojengwa kwa ajili ya vibarua wasio na familia ziliwasukuma watoto wasome kwa makundi, na kwamba makundi hayo yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kutatulia hesabu. Imeonekana pia kwamba sera ya lugha ilikipa Kiswahili madarasa ya chini tu, ilhali mfumo wa 8-4-4 ulikuwa ukizileta hesabu za juu kwa kila mtoto. Baina ya mambo hayo mawili lilitokea pengo, na pengo hilo limezibwa na wanafunzi wenyewe, bila ya msaada wa kamusi wala wa vyuo vikuu.

Kazi inayowangojea wataalamu wa lugha si ya kuketi na kubuni orodha nyingine ya maneno. Ni ya kwenda Kaloleni, Makadara na Jericho saa za jioni, kusikiliza jinsi mlinganyo unavyoelezwa, na kuyaandika yanayosemwa pamoja na makosa yake. Kanuni ya ikivuka, ishara inageuka yastahili kuchunguzwa kwa makini yale yale yanayotumika katika kuchunguza methali. Walimu wa hisabati nao wahitaji kuonyeshwa mtego wa zidi na zidisha, na msaada wa kauli ya kutendua, kwa sababu hayo ni mambo ya lugha ambayo hawakufundishwa vyuoni. Kila mwaka unaopita bila ya kazi hiyo, kundi jingine la watahiniwa huingia chumba cha mtihani likiwa limeelewa swali kwa lugha moja na kutakiwa kulijibu kwa nyingine, na wale wanaoshindwa njiani huandikwa kuwa wameshindwa hisabati.